Muhula mmoja wa historia na fasihi: binti yetu amerudi na nini?



Mfuko wa elimu wa msikiti wetu una sharti dogo ambalo wanufaika hulilalamikia na mimi hulipenda. Kila mwanafunzi anayesaidiwa ada hutakiwa, muhula unapokwisha, kuiletea kamati taarifa ya maandishi ya alichosoma na alichokipata. Wengi huleta nusu ukurasa: masomo haya, alama hizi, shukrani nyingi, tuombeeni dua. Mwezi uliopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesoma historia, fasihi na falsafa chuo kikuu, alileta kurasa saba zilizoandikwa kwa mkono. Mimi katibu ndiye niliyezisoma kikaoni tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu usiku ule wapo wazee wawili ambao kila wakiniona hunirejesha kwenye kurasa zile. Binti ameniruhusu kuyaandika haya, ila jina lake nilihifadhi.

Maombi yake yalikuwa na maneno tangu siku yalipoingia. Mzee mmoja alisema fedha hizi ni sadaka za waumini, na waumini wanahitaji wauguzi na mafundi wa umeme. Historia itamtibu nani? Baba wa binti mwenyewe alitaka mwanawe asome ufamasia. Hofu ya mzee wa pili ilikuwa nzito zaidi. Alisema falsafa huanza na maswali na huishia kwenye kuacha swala, na akataja vijana aliowaona kwa macho yake. Hofu hii siibezi. Mzazi anayempeleka mtoto mbali ana haki ya kuuliza atarudi akiwa nani.

Basi binti amerudi na nini?

Kwanza amerudi na historia. Anaandika kwamba wiki za mwanzo zilihusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Wamatumbi kwa kung'olewa mipamba. Wanafunzi walionyeshwa jinsi vita hivyo vinavyosomeka katika maandishi ya maofisa wa Kijerumani, kisha jinsi vinavyosikika katika masimulizi ambayo wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam waliyakusanya mwaka 1968 kwa wazee wa kusini, wengine wao waliovikumbuka kwa macho yao. Swali lilikuwa lile lile kila wiki: nani kasema, alikuwapo au kasikia, kasikia kwa nani, na alikuwa na maslahi gani katika alichokisema?

Hapo binti ameandika jambo lililonifurahisha. Anasema wenzake wengi waliliona swali hilo kuwa geni, lakini yeye alilifahamu tangu madrasa, alipofundishwa kwamba hadithi ina sanadi, na kwamba mpokezi huchunguzwa uadilifu wake na hifadhi yake kabla ya neno lake kupokelewa. Aliona kwamba elimu ya chuoni imemkuta na nusu ya zana mkononi. Kisha mhadhiri akawapa Ibn Khaldun, aliyeiandika Muqaddima mwaka 1377 akiwa amejitenga na siasa katika ngome moja ya Algeria ya leo. Ibn Khaldun aliwalaumu wanahistoria waliomtangulia kwa kunakili bila kupima. Mfano wake mashuhuri ni habari kwamba jeshi la Nabii Musa (a.s.) jangwani lilifika watu laki sita au zaidi. Aliuliza: jeshi la ukubwa huo lingejipanga vipi vitani, na mwisho wa safu ungejuaje yanayotokea mwanzo wake? Kwake yeye, habari za matukio ya dunia hazitoshi kuwa na wasimulizi. Lazima pia ziwezekane kwa jinsi watu na miji inavyoishi. Ninajiuliza ni waumini wangapi wangeacha kusambaza habari za uongo kwenye simu zao kama wangekaa muhula mmoja tu na mwanachuoni huyu.

Kwenye fasihi amesimama zaidi juu ya Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Wengi wetu tulikisoma sekondari kwa ajili ya mtihani tu. Ndani yake kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kutoka nchini mwao kwenda kutafuta yenye manufaa. Kila mjumbe alirudi na hazina ya maarifa, na kila mmoja akatiwa gerezani na wale wale waliomtuma. Binti anauliza kwa nini Mwislamu huyu wa Tanga, akiandika chini ya serikali ya kikoloni, aliiweka nchi yake angani badala ya ardhini, na anajibu mwenyewe kwa kurasa nzima. Kisha, chini ya jibu hilo, ameandika: "Wazee wangu, shikamooni. Nanyi mmenituma. Naomba nisipokewe kama Buruhani."

Niliposoma sentensi hiyo kikaoni palikuwa kimya. Mzee mmoja alivua kofia akaifuta, akaivaa tena.

Sehemu ya falsafa ndiyo fupi, na ndiyo iliyomtia baba yake jasho. Binti hakuficha. Anasema kwa wiki tatu alitikisika. Hoja moja kuhusu shari na uwezo wa Mwenyezi Mungu ilimnyima usingizi, naye hakumwambia mtu kwa kuogopa kuitwa kafiri. Swala hakuacha, lakini aliswali huku moyo unamwenda mbio. Hatimaye alimpigia simu ustadhati aliyemsomesha madrasa. Mama yule hakumkemea. Alimwambia swali lake ni la zamani kuliko chuo chake, kwamba Waislamu waliotangulia walilikalia kitako kwa karne nyingi, na akamwelekeza kwa Imam Ghazali.

Nipumzike hapa kidogo, kwa kuwa jina la Ghazali hutajwa sana na wanaotaka vijana wakae mbali na falsafa. Ni kweli aliandika Tahafut kuwapinga wanafalsafa. Lakini kabla yake aliandika Maqasid, kitabu kinachoeleza hoja zao kwa uadilifu, na ameeleza mwenyewe kwamba alitumia muda usiofika miaka miwili kuvisoma vitabu vyao katika nafasi alizozipata, huku akiwasomesha wanafunzi wapatao mia tatu Baghdad. Aliona ni upofu kuipinga fani ambayo hujaifikia kina chake. Na hata alipomaliza, mlango haukufungwa: Ibn Rushd, kadhi na faqihi wa Kimaliki, alimjibu kwa kitabu kizima katika karne iliyofuata. Hawa walikuwa Waislamu wakijadiliana na Waislamu. Sisi chuoni tulisoma mantiki kwa beti tulizozihifadhi vizuri sana, lakini ni wachache waliotuonyesha zinatumika wapi.

Kwa hiyo hofu ya mzee wetu ina ukweli, ila nadhani imeelekezwa pasipo. Binti hakukaribia kuangamia kwa sababu ya swali. Kilichomweka hatarini ni zile wiki tatu za kuwa nalo peke yake. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni hufanya kazi kubwa katika swala ya Ijumaa na futari, Allah azilipe kheri. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye shaka saa sita za usiku ampigie nani? Nimependekeza kila anayesaidiwa na mfuko apewe jina na namba ya mwalimu mmoja, mwanamke kwa wasichana na mwanamume kwa wavulana, ambaye ameahidi mapema kwamba hatamkemea. Pendekezo limekubaliwa. Waliojitolea mpaka sasa ni wanne, na wanafunzi tunao kumi na mmoja.

Sasa nifike kwenye kilichowaudhi wale wazee, kwa maana si falsafa.

Kazi ya mwisho ya muhula ilikuwa kuandika historia ya taasisi moja ya nyumbani kwa kila mwanafunzi. Binti alichagua msikiti wetu. Alipokuja kuniomba madaftari ya kumbukumbu za vikao, nilimfungulia kabati, akakaa humo siku nne na mavumbi na mende. Daftari la kwanza linaeleza ujenzi: nani alitoa kiwanja, nani alitoa saruji, fundi alikuwa nani. Majina yote ni ya wanaume. Wanawake wametajwa mara moja, bila jina hata moja, kwamba walipika.

Akafanya kama alivyofundishwa. Aliwatafuta mabibi watatu waliokuwapo, akamhoji kila mmoja mbali na mwenzake. Wote watatu walisema wanawake ndio waliobeba maji na mchanga wa msingi kwa vichwa, na kwamba mabati ya kwanza yalinunuliwa kwa fedha za upatu wao. Katika idadi ya mabati walitofautiana, naye ameziandika riwaya zote mbili na majina ya waliozitoa. Kisha akaandika kwamba daftari halikusema uongo, bali limenyamaza.

Mzee mmoja aliyekuwa katika kamati ile ya kwanza alisema binti ametutuhumu kwa fedha zetu wenyewe. Ninamheshimu sana mzee huyu, aliniingiza katika kazi hii, lakini sikubaliani naye. Binti hakumtuhumu mtu. Amesikiliza mashahidi ambao hawakuulizwa. Umma huu umepokea zaidi ya hadithi elfu mbili kupitia kwa Mama wa Waumini Bibi Aisha (r.a.), na katika karne ya 11 maulamaa walisafiri hadi Makka kuisikia Sahihi Bukhari kwa mwanamke, Karima wa Marw. Ushahidi wa bibi zetu juu ya mabati ya msikiti wao hauwezi kutushinda kuupokea.

Kamati imepitisha ada ya muhula wa pili kwa kura nyingi. Wazee wawili walipinga, na kwa ombi lao nimeandika upinzani wao pamoja na majina yao, ili atakayefungua kabati siku moja awakute. Baba wa binti hakupiga kura, kwa kuwa ni mzazi, lakini mlangoni aliniomba nakala ya zile kurasa saba.

Mmoja wa mabibi wale watatu ameanza kusahau. Majuzi alimwita mjukuu wake kwa jina la marehemu dada yake. Tumeona hakuna nafasi ya kusubiri likizo mpaka binti arudi. Jumapili hii baada ya Alasiri wanafunzi wawili wa darasa la akina mama watakwenda kwake na daftari jipya, na orodha ya maswali ambayo binti ameituma kutoka chuoni. Swali la kwanza ni majina ya waliobeba maji.