Kupiga windo ndiyo jibu la kila kitu?

Kuna ugonjwa umewaingia mafundi wetu wa kompyuta hapa Dar es Salaam na leo nataka kuusema bila kuzunguka. Kompyuta ikichelewa kuwaka, piga windo. Ikiganda, piga windo. Printa ikigoma, spika zikikoroma, kipanya kikisusa, jibu ni lile lile: acha hapa, njoo jioni, tutapiga windo. Nadhani ukiwapelekea hata pasi ya umeme kuna fundi atatafuta pa kuchomeka flashi.

Kwa wasiojua lugha ya mtaani, kupiga windo ni kufuta mfumo endeshi uliomo ndani ya kompyuta na kuweka mwingine upya. Na mara nyingi pamoja na mfumo hufutwa kila ulichokuwa nacho: picha, barua, tasnifu, hesabu za duka. Unarudishiwa mashine nyeupe kama daftari jipya, na unalipia.

Nalileta jambo hili kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwa mpango maalumu walipewa nyongeza ya mwaka mmoja ya marekebisho ya usalama, hadi 13 Oktoba 2026. Wengine wote waliambiwa wahamie Windows 11, ambayo ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 na ambayo watu wengi walikuwa wameidharau kwa miaka minne. Basi watu wakahama kwa makundi, na mara ukaanza wimbo: kompyuta yangu ilikuwa nzima, tangu niweke hii mpya inajizima yenyewe. Hukumu inatolewa papo hapo kwamba mfumo mpya ni mbovu. Mimi hukumu hiyo siikubali, angalau si kwa haraka namna hiyo.

Tuanze na ile skrini ya bluu inayotisha watu (mwaka 2025 wenyewe wameigeuza kuwa nyeusi, sijui kama hiyo ni nafuu au ni msiba zaidi). Wengi wanaiona kama kifo. Si kifo. Ndani ya mfumo endeshi kuna kiini, sehemu inayogusa kila kitu: kumbukumbu, diski, kioo, kibodi. Programu ya kawaida kama ya kuandikia barua ikikosea, kiini kinaifunga na maisha yanaendelea. Lakini kosa likitokea ndani ya kiini chenyewe, hakuna aliye juu yake wa kumfunga. Kuendelea kufanya kazi katika hali hiyo ni kuhatarisha kuandika takataka juu ya mafaili yako. Kwa hiyo mfumo unasimamisha kila kitu kwa makusudi, unaandika kumbukumbu ya kilichotokea, halafu unawasha upya. Ni kama dereva anayefunga breki katikati ya barabara kwa sababu usukani umemkatikia. Abiria wanamtukana yeye, wakati usukani haukutengenezwa naye.

Na wanaoishi ndani ya kiini si watu wa Microsoft peke yao. Kuna draiva, yaani zile programu ndogo zinazoufundisha mfumo namna ya kuongea na kifaa fulani: kadi ya picha, kadi ya mtandao, printa. Hizi huandikwa na watengenezaji wa vifaa, na mfumo endeshi ukibadilika, draiva iliyoandikiwa mfumo wa zamani inaweza kujikuta ugenini haijui mila.

Wenye umri wangu tulikuwa watoto Windows Vista ilipoingia sokoni tarehe 30 Januari 2007, lakini kaka zetu wanaikumbuka kwa uchungu. Vista ilibadilisha kabisa namna draiva za kadi za picha zinavyofanya kazi, na kompyuta zikaanza kuanguka dunia nzima. Microsoft wakabeba laana yote. Baadaye, kwenye kesi iliyofunguliwa Marekani kuhusu nembo za "Vista Capable", nyaraka za ndani zikatoka hadharani mwaka 2008. Zilionyesha kwamba katika ajali za Vista zilizorekodiwa mwaka 2007, karibu asilimia 29 zilitokana na draiva za Nvidia, wakati za Microsoft wenyewe zilikuwa kama asilimia 18. Microsoft hawakuwa watakatifu, lakini aliyepigwa mawe peke yake hakuwa mwenye kosa kubwa kuliko wote.

Na usidhani hayo ni ya kale. Tarehe 19 Julai 2024 viwanja vya ndege, hospitali na benki katika nchi nyingi vilisimama kwa sababu kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, nalo lilisomwa na draiva yao iliyokaa ndani ya kiini. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Faili moja!

Haya, turudi nyumbani. Jirani na ninapoishi, Sinza, kuna dada mmoja ana steshenari. Mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta moja ya mtumba iliyokuja kutoka Dubai. Kompyuta hiyo ndiyo inayolipa kodi ya fremu na ada ya mtoto. Fundi wake alimwekea Windows 11, na kuanzia wiki ile ikawa inajizima mara tatu, mara nne kwa siku. Fundi akapiga windo. Ikajizima. Akapiga tena. Ikajizima. Mara ya tatu akapiga bila hata kuuliza, na humo ndani kulikuwa na sura nne za tasnifu ya mwanafunzi aliyekuwa amelipia kuchapiwa kutoka kwenye mwandiko wa mkono. Kila windo shilingi elfu ishirini. Mwanafunzi alidai fedha zake mbele ya wateja wengine, na dada alirudisha. Zile sura alizichapa upya usiku, bure, kwenye kompyuta ya kuazima.

Nilimwomba niiangalie. Sikusomea kompyuta, mimi ni mwandishi wa habari, lakini kazi yetu inatufundisha kuuliza swali moja ambalo fundi hakuuliza: siku ile, nini kingine kilibadilika?

Jibu lilipatikana baada ya dakika mbili. Siku ya kuweka Windows 11 fundi alimwambia kumbukumbu ya GB 4 ni ndogo, akamuuzia kipande kingine cha GB 4, cha mtumba, akakichomeka pembeni ya kile cha zamani. Kwa hiyo vitu viwili vilibadilika siku moja, na lawama zote zikaenda kwa kile chenye jina kubwa.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo kiini cha mada yote. Ukipiga windo mara tatu, kwa nakala safi, na tatizo likarudi vile vile mara tatu, umekwisha kupata ushahidi kwamba mafaili ya mfumo si mgonjwa wako. Umeyabadilisha yote! Kinachobaki ni kile ambacho hukukibadilisha: kifaa, au draiva unayoirudisha kila mara kutoka kwenye flashi ile ile. Kupiga mara ya nne ni sawa na kubadilisha shuka za kitanda ili homa ishuke.

Nilifungua ile programu inayoitwa Reliability Monitor, imo ndani ya Windows yenyewe, unaandika tu neno "reliability" kwenye sehemu ya kutafutia. Inakuonyesha siku kwa siku nini kilianguka. Nikatazama majina ya makosa. Siku moja MEMORY_MANAGEMENT, kesho yake IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jingine kabisa. Hapo ndipo pa kusoma alama. Kosa likiwa lile lile kila siku na linataja draiva ile ile, mshuku draiva: irudishe ya zamani au tafuta mpya kwa mtengenezaji wa kifaa. Makosa yakiwa ya kila rangi, kama watu wanaosingiziana, shuku kumbukumbu. Na ukiona WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, ni kifaa chenyewe kinalalamika.

Tukaweka MemTest86 kwenye flashi, ya bure, tukaiacha ipime usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa wekundu. Tukatoa kile kipande kipya, tukapima tena kile cha zamani, safi. Kompyuta ina zaidi ya mwezi sasa haijazima yenyewe. Ni nzito, sitadanganya, maana Windows 11 kwa GB 4 inapumua kwa shida, hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa. Lakini haijizimi.

Mtu atasema, basi mfumo mpya hauna kosa lolote. Hapana, hapo nami nina neno. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yaani za mwaka 2017 na baadaye, kwa sehemu kubwa. Nenda Kariakoo ukaangalie kompyuta za mtumba zilizopangwa madukani, uniambie ngapi zina sifa hiyo. Mashine iliyotupwa na ofisi ya Ulaya ndiyo inayosomesha watoto hapa, na uamuzi uliofanyika Redmond unaifanya iwe chuma chakavu ilhali inawaka vizuri. Mafundi wanavuka kizuizi kwa ujanja, mfumo unaingia, halafu draiva za mashine ya mwaka 2013 hazipo. Toleo la 24H2 la Oktoba 2024 lilikwenda mbali zaidi, prosesa za kale zisizo na amri fulani haliwaki kabisa. Kwa mashine kama hizo mimi ningeshauri Linux kuliko kulazimisha, ingawa najua tulivyo wagumu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitutolea Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bure. Wangapi tuliitumia?

Na mafundi nao wana sehemu ya utetezi. Kupima kumbukumbu usiku kucha hakuna anayekulipa. Mteja anataka mashine jioni hii, na anatoa fedha kwa kinachoonekana. Windo jipya linaonekana. Sisi wateja tumewazoesha kuwa bei ni ya kupiga na si ya kujua. Mimi ningelipa elfu kumi kwa fundi anayeniambia tu ugonjwa ni upi, hata kama hakugusa kitu. Kwa wengine mwulize mambo matatu kabla hujamwachia mashine: kosa linaitwaje, limetokea mara ngapi, na mafaili yangu utayahamishia wapi kabla hujafuta. Akianza kucheka, chukua begi lako.

Dada alirudisha kile kipande cha kumbukumbu kwa aliyemuuzia. Alikikataa, akasema vifaa vya umeme vikishatoka dukani havirudi. Kisha akajitolea kumpigia windo jingine, safari hii kwa elfu kumi na tano.