Barua ya Mvita: Tembo Halisafiri

Kila mwaka huja wageni wa bara, makarani wenzangu na wakulima waliofuata shughuli zao bandarini, na wakiisha kuiona Ngome ya Yesu na kupiga picha chini ya pembe kubwa za Barabara ya Moi, huniuliza swali moja kwa sauti ya chini: “Ndugu karani, ninyi watu wa pwani mwanywa nini?” Hawaulizi habari za bia ya chupa, maana hiyo ni ile ile, iwe Kisumu au Kilindini. Waulizacho ni kinywaji cha mahali hapa, ambacho hawawezi kukipata kwao, na nyumba ya kukinywea ambamo mgeni hupokewa kama mtu, si kama mfuko wa fedha.

Jibu langu huwasikitisha kidogo. Kinywaji hicho kipo, nacho ni tembo la mnazi, lakini mjini hakipo. Au tuseme kile kiitwacho kwa jina hilo mjini, mara nyingi sicho chenyewe.

Katika Mji wa Kale mgeni hukaribishwa kwa kahawa. Ukitoka Ndia Kuu ukaingia vichochoro vya Kibokoni saa za alasiri, utamsikia muuza kahawa kabla hujamwona, kwa kuwa hugonganisha vikombe vyake vidogo mkononi. Dele lake la shaba lina makaa chini, na kahawa ni chungu, yenye tangawizi. Wazee husogea barazani wakupishe, na habari za dunia nzima hupitiwa kabla ya adhana ya magharibi. Ibn Battuta alipolala hapa usiku mmoja mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa Mombasa ni wacha Mungu, na misikiti yao ya mbao imejengwa imara. Basi mtu asiende kwenye baraza kama hiyo kuulizia tembo. Si kwamba atapigwa. Atajibiwa kwa upole, naye ataona haya mwenyewe.

Hapana budi avuke. Njia niijuayo mimi ni ile ya Makupa, Changamwe, Miritini, hata Mazeras, kisha kuiacha barabara kuu na kushika ile ya Rabai. Ni mwendo wa kilomita 20 na kidogo, lakini hewa hubadilika, na minazi husimama vilimani hata jicho lichoke. Wasomaji waliopita shule za misheni watalikumbuka jina la Rabai: Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianzisha kituo chake huko mwaka 1846. Alipofika, Warabai walikuwa wagema tangu zamani, na tembo lao lilikuwa bidhaa iliyowaunganisha na jirani zao.

Sababu ya kwenda mbali hivyo haitokani na adabu ya mji tu. Imo ndani ya kinywaji chenyewe. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akikanyaga vidato vilivyochongwa katika shina. Huko juu huchagua karara ambalo maua yake hayajafunguka, hulifunga kwa kamba lisifumuke, kisha hulikata ncha kwa kotama, kisu chake kikali kilichopinda. Maji hudondoka ndani ya kibuyu. Kila apandapo hukata tena kipande chembamba mno, kama karatasi, ili mfereji usizibe. Akikata kinene, karara huisha upesi. Akiacha siku moja, hukauka. Mnazi mmoja mzuri hutoa kama lita 1 au 2 kwa siku, basi mgema wa kweli ana minazi mingi ya kuizungukia, na kosa moja la mguu humwangusha chini. Wako wajane wengi huko wa kushuhudia hayo.

Hapana mtu atiaye hamira. Chachu imo hewani na katika kibuyu kilichotumika jana, nayo huanza kazi kabla maji hayajashuka mtini. Lililogemwa alfajiri huwa tamu bado saa nne, hata wanawake wazee hulipenda; ikifika adhuhuri lina povu na limeanza kuuma ulimi; jioni ni kali; kesho yake ni chungu; na ukiliacha siku chache zaidi una siki, nzuri kwa kachumbari. Bia ya chupa hungoja mnywaji miezi. Tembo halimngoji mtu.

Hapa ndipo nisipopatana na wahenga, nao wanisamehe. Husemwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa niliyoyaona, maji hayaingii mnazini wala mangweni kwa mwenyewe, huingia njiani. Yule achukuaye tembo katika madumu ya plastiki, akalipakia kwenye pikipiki au chini ya kiti cha matatu, ndiye aongezaye maji ili lizidi, kisha sukari ili utamu urudi, na wengine huongeza mambo ambayo sitaki kuyaandika. Mgema wa watu amebebeshwa methali isiyo yake.

Mangwe niliyoizoea haina kibao. Ni banda la makuti chini ya mwembe, na viti vyake ni magogo na vigoda. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, na mumewe, ambaye sasa magoti hayamruhusu kupanda, ndiye msimamizi wa wagema. Ukifika huulizwi kwanza wataka kiasi gani. Waulizwa watoka wapi, nyumbani hawajambo, na mvua imenyesha kwenu. Mara ya kwanza nilipokwenda nilitoa fedha mapema, kama tufanyavyo mjini, mama akazitazama, akasema, “Mwanangu, keti kwanza. Fedha haina kiu.”

Kisha huletwa kibuyu na mrija, ambao ncha yake ya chini imefungwa nyuzi za mnazi ili kuzuia takataka na wadudu waliozama katika utamu. Mwenyeji hutangulia kunywa mbele ya macho yako. Wengine wa bara hudhani ni uroho. Sivyo: ni kukuonyesha kwamba hakuna sumu wala uchawi ndani yake, kisha ndipo akupe. Nimeona vilevile mzee akimwaga matone machache ardhini kwa ajili ya waliokufa, kwa kuwa tembo hapa si la kulewea tu. Posa haisemwi pasipo tembo, wala matanga, wala kupatanisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba. Mtaalamu David Parkin aliyekaa na Wagiriama wa upande wa Kaloleni aliandika kitabu kizima kuhusu minazi, tembo na mashahidi, kilichotoka mwaka 1972, na jina hilo latosha kuonyesha mambo hayo matatu yanavyokwenda pamoja. Anywaye nawe ndiye atakayekutolea ushahidi kesho.

Nilimwuliza mzee kwa nini asiiache minazi izae nazi. Alicheka kidogo. Nazi, alisema, tangu ua hata kukomaa ni mwaka mzima, na akija dalali hutaja bei yake mwenyewe, nawe huna la kusema kwa kuwa karo ya mtoto ilitakiwa jana. Tembo huleta shilingi leo, na kesho tena. Kisha mara nyingi mgema si mwenye mnazi: hugawana na mwenye shamba kwa zamu au kwa siku walizoafikiana, basi mnazi mmoja hulisha nyumba mbili. Ni kweli karara lililogemwa halitoi nazi, na wanaotaka biashara ya mafuta na machicha hulalamika kwa haki. Lakini mkulima anayesoma gazeti hili anajua kwamba zao linalolipa kila siku, hata kidogo, lina nguvu kuliko zao linalolipa vizuri mara moja.

Rafiki yangu mmoja wa ofisini aliponiomba nimletee chupa, mama alikataa kuijaza. Hakukasirika, alisema tu kwamba litakapofika kisiwani litakuwa kitu kingine, na huyo bwana atalisema vibaya tembo lake pasipo kujuana naye. “Mwambie aje,” akasema.

Nimesoma kwamba Wazungu wa Ubelgiji wana desturi iliyo karibu sana na hii. Upande wa Brussels na mashamba ya magharibi yake hupikwa bia iitwayo lambic, nayo haitiwi chachu kwa mkono. Maji ya nafaka yakiisha kuchemshwa humiminwa katika chombo kipana, kifupi, kilicho wazi, na kuachwa usiku kucha katika miezi ya baridi, ili chachu ya hewani ijiingize yenyewe. Tofauti ni subira: mgema wetu hungoja saa chache, wao huiweka katika mapipa ya mti mwaka 1, 2 hata 3, kisha huchanganya nzee na changa. Tena yako makao ya watawa huko Westvleteren, karibu na mpaka wa Ufaransa, ambao hupika bia kiasi cha kuendesha nyumba yao, basi. Mwaka 2005 tovuti moja ya wapenzi wa bia iliitaja bia yao kuwa bora duniani, na magari yakajipanga barabarani kwa foleni ndefu. Mfanyabiashara wa kawaida angaliongeza mitambo. Watawa hawakuongeza. Mtu anayeitaka huagiza kabla, au huenda mwenyewe akakaa katika nyumba ya vinywaji iliyo mkabala na makao hayo. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa wanadamu, na wageni hutoka nchi za mbali kwenda kuonja.

Sisemi haya ili tuwaige Wabelgiji. Nayasema kwa sababu kwetu kinywaji cha namna hiyo hiyo hutajwa zaidi katika habari za misako. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilifuta marufuku ya zamani ya chang’aa na kutaka kila kileo kitengenezwe na kuuzwa kwa leseni. Nia yake ilikuwa njema, kwa maana tuliona maafa. Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mei mwaka 2014 wakafa makumi tena katika sehemu za kati na mashariki. Na Februari mwaka 2024 msiba ukaingia Kirinyaga. Kila mara hasira ya nchi huwa kubwa, amri hutolewa, na katika kumwaga yote humwagwa pia tembo la mzee wa Rabai, ambalo halikupikwa, halikukenekwa, wala halikutiwa kitu. Viongozi wa pwani wamelisema jambo hili mara nyingi, nami naona wana haki: sumu ya methanoli hutoka kwa mtu aliyeificha chupani, na kinywaji unachokiona kikishuka mtini kwa kamba hakina mahali pa kufichia.

Liko jambo jingine dogo ambalo aliyeandika sheria hakulifikiri, pengine kwa kuwa hakupata kupanda mnazi. Saa za kuuza zilizowekwa mwaka 2010 ni kuanzia saa 11 jioni siku za kazi, na saa 8 mchana siku za mapumziko. Kwa bia ya chupa saa hizo ni nzuri, humfanya mtu amalize kazi kwanza. Kwa tembo la alfajiri zafanya kinyume. Lile tamu, lisilo kali bado, la saa nne asubuhi, haliruhusiwi. Na saa 11, lilipokwisha kuwa kali la kumwangusha mtu, ndipo mlango hufunguliwa. Madaraka ya leseni za vileo yamo mikononi mwa serikali za kaunti, basi si jambo la kuisumbua Nairobi. Mjumbe wa Kilifi au Kwale angeweza kulileta barazani kwao, na wagema wenyewe waitwe watoe ushahidi.

Kwa wale watakaokwenda: nendeni na mwenyeji, nanyi mfike kabla ya adhuhuri. Msiende na gari lenu mkitaka kunywa. Matatu za Mazeras zipo, na kutoka hapo bodaboda hupanda hata mlangoni. Aliye na mke amwambie aendako. Asiyekunywa kileo aende vilevile, kwani atapewa dafu na kuulizwa habari zile zile, na hatachukuliwa kuwa mgeni mpungufu. Mtakapopewa mrija msiuvute kwa nguvu, zile nyuzi za chini huziba. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaandika habari za bei ya nazi na madalali, maana barua za wasomaji juu ya hilo zimejaa mezani.