Majini na Mababu katika Sanduku la Vitabu

Twataka kusema neno juu ya shauri lililoletwa na wanachama wenzetu wawili, kwamba sanduku la vitabu la chama lisinunue tena hadithi za mapenzi na majini, bali vitabu vya historia tu. Hoja yao ni kwamba karani aliyesoma skuli ya misheni hapaswi kuonekana jioni ameinamia habari za mwanamke wa kijini. Twawaheshimu wenzetu hao, walakini shauri lao hatulikubali.

Na tuanze na kitabu wanachokichukia zaidi, Adili na Nduguze, cha marehemu Shaaban Robert, kilichopigwa chapa mwaka 1952. Ni kweli, mna majini humo. Mna mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na mna ndugu wawili waliogeuzwa manyani, ambao Adili hana budi kuwapiga kila usiku kwa amri ya jini. Lakini chanzo cha mambo hayo yote ni nini? Ni wivu. Adili alimkuta binti, jina lake Mwelekevu, katika mji ule wa mawe, akampenda. Nduguze wasistahimili kuiona bahati yake, wakamtosa baharini. Je, hapana nyumba hapa mlimani ambamo ndugu wa tumbo moja hawaamkiani kwa sababu ya kihamba cha baba yao? Sisi tulikisoma kitabu hicho mara ya kwanza wakati tulipokuwa na shauri la namna hiyo mbele ya wazee, na twakiri kwamba tulipofika penye manyani tulikifunga, tukakaa kimya muda mrefu. Tulimwendea ndugu yetu Jumapili iliyofuata. Hakuna kitabu cha historia kilichopata kututoa nyumbani hivyo.

Tena wasemao kwamba hadithi hizi hazimfai karani, wakumbuke kwamba mtungaji mwenyewe alikuwa karani, katika idara ya forodha, tangu mwaka 1926 hata 1944.

Basi, na historia je? Wenzetu huzitaja riwaya za kale kana kwamba zote ni maji safi ya mfereji. Mathalan Mashimo ya Mfalme Sulemani, aliyoitunga Rider Haggard mwaka 1885, na ambayo tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1929. Ni hadithi tamu, hatukatai, na msomaji wa Moshi akifika penye milima miwili yenye theluji hutupa jicho dirishani. Lakini mtazameni Foulata, msichana Mwafrika aliyempenda Mwingereza. Mtungaji amemwua kwa kisu cha mchawi Gagool, na kabla hajakata roho amemfanya akubali kwamba ni heri afe kuliko kuwa mzigo kwa mpenzi wake. Hapo ndipo penye sumu, wala haimo katika uchawi wa Gagool. Hata Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, cha mwaka 1934, ambacho twakipenda kwa kuwa kimehifadhi habari za wazee waliotekwa, chawashukuru mno Waingereza, na msomaji yampasa akisome macho wazi.

Kitabu kimoja tungependa kila mwanachama akiazime: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe, kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Hamna jini ndani yake wala vita kubwa. Ni mume na mke wasiojaliwa mtoto, katika siku za kabla ya Wazungu, na mume akubaliye kutozwa pombe ya ndizi na wakweze ili arudishiwe mkewe. Wachagga watakaocheka katika kurasa hizo watakuwa wanajicheka wenyewe.

Zaidi ya hayo, twauliza ni nani aliyepata kuona mpaka kati ya historia na mizimu katika nchi yetu hii. Petro Itosi Marealle alipoandika desturi zetu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1947, alikiita Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, maana aliona hawezi kueleza moja akaliacha la pili. Na Mangi Meli, ambaye watu wake waliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akanyongwa tarehe 2 Machi 1900 hapo Old Moshi, kichwa chake kikasadikiwa kupelekwa Ujerumani: atakayetunga riwaya yake, je, atawaacha nje wafu ambao wazee husema hawajatulia? Na wake za mashujaa walionyongwa siku ile, mapenzi yao hayatakuwamo? Riwaya ya namna hiyo hatujaiona katika sanduku letu. Ikipatikana, wenzetu wawili wataiweka upande gani?

Mwisho twataja jambo ambalo halikusemwa mkutanoni. Daftari la kuazimia laonyesha kwamba hadithi za majini huchukuliwa zaidi na wake zetu na binti zetu, nao hawakuwapo siku ile shauri lilipoletwa. Twaomba Mwandishi wa Chama awaalike kabla kura haijapigwa.