Staa Amtimua Dereva Kisa Linki: Aibu Hii ni ya Nani?

Habari ya mjini ni staa mmoja wa Bongo Fleva aliyemfukuza dereva wake, eti "ameua gari". Kosa lenyewe? Gari linalia ko-ko-ko kila likipanda tuta, na stebilaiza linki zimebadilishwa mara mbili ndani ya miezi michache. Mashabiki nao wakadandia: dereva mzembe, fundi tapeli, spea za Kariakoo feki.

Pole pole jamani. Linki ni kijichuma chembamba kinachounganisha stebilaiza na shokapu, ili bodi lisilale upande gari likikata kona. Huku na huku kina boljointi ndogo yenye grisi, imefunikwa raba. Raba ikichanika, maji na vumbi vinaingia, grisi inaisha, chuma kinakula chuma. Kelele zinaanzia hapo.

Sasa bosi huyu kashusha gari hadi linataka kulamba lami, kapiga rimu kubwa na tairi nyembamba, halafu linki kaacha za urefu uleule wa kiwandani. Gari likishushwa hivyo, linki inakaa mshazari na boljointi inafanya kazi ikiwa imepinda muda wote. Zilitakiwa linki za kurekebisha urefu. Hapo hata ufunge orijino, hazidumu.

Feki zipo, nani anabisha? Ila mwenye hela ya rimu za mamilioni ndiye huyohuyo anayemwambia dereva "tafuta za bei chee". Dereva ana kauli gani? Gari si lake, hela si yake, na zile safari za usiku kwenye mashimo hakuzipanga yeye.

Na hii si kelele tu. Linki ikikatika tairi halichomoki, lakini gari linalala zaidi kwenye kona. Siku ya kukwepa bodaboda ghafla ndipo mtu atajua tofauti. Na usukani siku hiyo atakuwa ameshika nani? Mtoto mwingine wa watu.

Bosi, mrudishe kijana kazini, funga linki za maana pande zote mbili, zinazoendana na urefu wa gari. Hutaki? Endelea kuuza sura, gari likutangaze ko-ko-ko kabla hujafungua mlango.

Wadau, mwenye kosa ni dereva au bosi? Tiririkeni hapo chini.