Ubaridi Pekee Hautaliokoa Bibo

Kila msimu ufikapo katika Masasi na Newala, korosho huokotwa, hukaushwa, hutiwa magunia na kupelekwa ghalani kwa uangalifu. Mabibo huachwa yaoze chini ya mikorosho, ingawa yana vitamini C kupita machungwa, na uzito wa bibo moja ni mara kadhaa ya uzito wa korosho yake. Wapo wanaodai kwamba dawa ni vyumba vya baridi. Hoja hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Ngozi ya bibo ni nyembamba mno na nyama yake imejaa maji. Gari linapotikisika, matunda husuguana na kugongana mara maelfu, kila pigo likiwa dogo lisiloonekana kwa macho. Wengi hudhani kwamba linaloumia ni tunda la chini lililobeba uzito wa mengine. Sivyo hivyo tu: makreti ya juu ndiyo yarukayo zaidi, kwa kuwa mtikisiko huongezeka kadiri unavyopanda. Ngozi ikishapasuka, maji huvuja, chachu huingia, na tunda huanza kuchachuka. Baridi huchelewesha uozo, haiponyi jeraha. Hata stroberi za Ulaya na Marekani, pamoja na malori yao yenye majokofu, hazikusalimika na jambo hili.

Bibo la Newala sharti literemke kutoka uwanda wa Makonde hadi Masasi, lipite Nanganga inapochepuka njia ya Ruangwa, lifike Mingoyo, ndipo lishike barabara ya Dar es Salaam. Lami ya kati ya Masasi na Mingoyo ni faraja kubwa, lakini madhara huwa yamekwisha kutendeka katika kilometa chache za vumbi zitokazo shambani. Jokofu litakalopakiwa hapo litasafirisha majeruhi walio baridi.

Kwa hiyo kinachostahili kwenda mbali si bibo bichi, bali juisi, jemu na mvinyo wake, ambavyo wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele wamekwisha onyesha namna ya kuvitengeneza. Wananchi wa kusini nao hulikausha bibo wakapata kochoko, bila kuhitaji umeme wowote. Mashine ya kukamulia yafaa iwe jirani na mkorosho, chini ya chama cha msingi. Halmashauri inayojenga chumba cha baridi mjini kabla ya kununua makreti mafupi na kuchonga barabara za vijijini imeanzia mwisho wa kazi. Mwaka wa bajeti huanza Julai; mabibo huanza kuanguka miezi michache tu baadaye.