TUULIZE KWANZA: MTAALAMU HUYU KALISHWA NA NANI?

Ndugu wanaushirika,

Mkutano umekubali tununue kompyuta mpakato, ile vijana wanaita laptopu, ya kuwekea hesabu za mazao yetu. Vizuri. Lakini sasa tunasikia, ati ya aina fulani ndiyo bora, wataalamu wameisifu. Wataalamu gani hao?

Sisi tunasema tusikimbilie. Mtaalamu aliyepewa kompyuta ya bure na kiwanda ni sawa na mgeni aliyekula kwako: hawezi kusema chumvi imezidi.

Wapo wanaopima kwa haki. Marekani kuna Consumer Reports, tangu mwaka 1936. Hao huenda dukani wakanunua kwa fedha zao kama sisi, ndipo wapime. Na Ufaransa, tangu mwaka 2021, sheria inamtaka muuzaji aonyeshe alama, 10 ikiwa ya juu, za urahisi wa kutengeneza kompyuta hizo zikiharibika. Hayo ndiyo maneno ya kusikiliza.

Lakini hata hao hawapimi kwa vumbi letu, wala kwa umeme wetu unaokatika. Kwa hiyo kabla fedha haijatoka, kamati ituletee majibu matatu. Aliyeisifu aliipata kwa fedha ya nani? Aliitumia muda gani? Betri ikifa, nyingine inapatikana wapi, na fundi yuko wapi?

Fedha hii ni jasho letu sote. Kuuliza si ujinga, ndugu. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunalijua hilo.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji