Chema Chajiuza

Kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kando ya njia kuu iendayo Malindi, pana karakana za Bombolulu. Zilianzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo nchini Kenya, chama kilichoundwa mwaka 1958. Humo watu wenye ulemavu wamefua mapambo ya shaba, wametunga shanga, wameshona mikoba ya ngozi, wamechonga miti na kupiga nguo chapa kwa mkono. Vitu hivyo huuzwa katika duka la papo hapo, na vingine vimepelekwa hata ng'ambo.

Msingi wa kazi ya namna hii ni kuangalia kilicho kizima katika mtu, si kilichopungua. Aliyepooza miguu hahitaji miguu ili aunge mkufu. Lililo lazima ni meza ya kimo kinachomfaa, mlango mpana wa kupitisha kiti chake cha magurudumu, na fundi mwenye subira ya kumfunza. Baada ya hayo, kazi yake yapasa kupimwa kwa kipimo kile kile cha mafundi wote. Mkufu uliolegea ni mkufu mbaya, hata ukiwa umetungwa na nani.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya ujira na sadaka. Sadaka hutolewa leo na kesho husahauliwa. Mshahara huja mwisho wa mwezi, nao humpa mtu sauti nyumbani kwake. Aliyekuwa akifichwa chumba cha nyuma wageni wafikapo aweza kulipa karo ya mdogo wake, na wazee wakamwita barazani shauri la ukoo linapokatwa.

Jambo hili halikufaulu Mombasa peke yake. Huko Iringa, Tanzania, karakana iitwayo Neema Crafts ilianza mwaka 2003 kwa vijana watatu viziwi. Walitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na watu wakainunua. Baadaye ukafunguliwa mkahawa wenye wahudumu viziwi, ambamo mteja huandika atakacho, naye huletewa.

Hata hivyo, pana hatari moja. Maduka haya yametegemea sana wageni wa ng'ambo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na tena mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, watalii walipungua mno pwani. Mgeni asipokuja, meza ya fundi hulala. Mwenyeji ndiye awezaye kuliziba pengo hilo. Karani atafutaye zawadi ya arusi, na mkulima atakaye mkoba imara, waende wakatazame. Kitu kikiwa kibaya, wakiache. Kikiwa kizuri, wakilipe bei yake ya haki, wala wasimfanye fundi kuwa mwombaji.

Na mzazi mwenye mtoto mlemavu asimfungie ndani. Ampeleke shule mapema, maana fundi asiyejua hesabu hupunjwa kwa urahisi. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Ulemavu waweza kumfika yeyote kabla ya jua kutua. Kwa hiyo mwenye busara huisaidia karakana kabla hajaihitaji.